Dirisha la Majaribio

Chumba cha Simu, Hospitali
2 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika pamoja na picha ya mwanao. Jirani yangu wa chumba cha mafaili, ambaye ndiye macho yangu kwa mambo ya karatasi, kaniambia mtoto kafanana na baba yetu mpaka masikio. Mpe pole. Huku sote wazima, ila mimi nina jambo limenikaba kooni na nisipokuambia wewe sijui nitamwambia nani.

Swichibodi yangu wameing'oa. Ile ile niliyoikuta siku naanza kazi, ambayo nikiipapasa tu najua nani kapiga na nani hapokei. Walikuja mafundi Jumatatu wakaibeba mzobemzobe, wakaniwekea kompyuta. Sasa simu zote za hospitali zinapita kwenye programu, na programu yenyewe ni picha tupu: picha ya simu, picha ya mtu, picha ya mshale, na wewe kazi yako kuona na kubonyeza. Unaijua ile programu ya kusoma skrini kwa sauti niliyopewa na chama chetu cha wasioona, ninayoiita Kasuku, ndiyo ninayoandikia barua hizi. Nikamwasha anisomee swichibodi mpya. Akasoma: "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe." Akanyamaza. Kumbe picha hana habari nayo, yeye anajua maandishi tu.

Katibu wa hospitali ni mstaarabu, sitamsingizia. Kanipa mpaka mwisho wa Juni. Kwa sasa dada wa mapokezi ndiye anayepokea simu, mimi nakaa pembeni kumtajia namba za wodi kwa sababu hazijui. Mwisho wa Juni nitajaribiwa mbele ya Katibu na mtu wa kampuni iliyouza programu. Nikiweza, nabaki. Nikishindwa, nakwenda chumba cha kufulia kukunja mashuka. "Mshahara ule ule," akaniambia, kama mtu anayetoa zawadi.

Sina neno na mashuka, kuna watu wanayakunja na heshima yao iko pale pale. Lakini mimi ni opereta. Mtu akipiga simu hapa mkewe kashikwa na uchungu barabarani, sauti ya kwanza anayoisikia ni yangu, na mimi najua kumtuliza kabla sijamuunganisha. Naipenda kazi hii na sitaki kuiacha.

Sasa sikia. Fundi wa kompyuta wa hapa kaniletea disketi yenye programu iitwayo Chungulia. Inachungulia madirisha ya programu nyingine: unaielekeza kwenye kitufe, inakuambia kwa ndani kinaitwaje. Watunzi wa programu wanaitumia kutafutia makosa yao. Unaijaribu bure, ukiipenda unamwandikia mwenyewe barua umweleze unaitumia kwa kazi gani, naye anakutumia namba ya kuifungua moja kwa moja. Barua tu, hataki kingine. Huyo mtu ama ana busara sana ama ana upweke.

Shida ni kwamba hata hiyo Chungulia vitufe vyake ni picha. Kasuku kaja na wimbo wake ule ule. Nitamwandikia mwenyewe, lakini habari za macho sitamwambia. Unawakumbuka wale wa programu ya hesabu niliowaeleza ukweli mwaka juzi? Walinijibu kwa pole na dua, wakaniambatanishia kalenda. Ya picha za maua.

Dada yako

*

Chumba cha Simu, Hospitali
4 Machi

Kwa mtunzi wa Chungulia,

Naitumia programu yako, au tuseme nataka kuitumia, ili niijue programu mpya ya simu hapa hospitalini. Nimekwama. Vitufe vyako ni picha, na kompyuta yangu haielewani na picha. Naomba uniambie kila kitufe kinaitwaje na kama kinaweza kubonyezwa kwa kibodi bila kugusa kipanya. Nina haraka, kazi yangu inategemea jambo hili.

Natanguliza shukrani.

Opereta

*

Nyuma ya Studio ya Picha
17 Machi

Ndugu Opereta,

Barua yako imenikuta nimeshika tama. Shemeji yangu, mwenye studio hii ya picha aliyenipa chumba cha nyuma, alikuwa ananihubiria niachane na Chungulia nimsaidie kupiga paspoti. Nikampungia bahasha yako. Nikamwambia, unaona, hospitali wananiandikia. Akarudi kwenye paspoti zake bila kumaliza mahubiri.

Umesema picha. Ndugu yangu, zile picha nimezichora mwenyewe, nukta kwa nukta, kwa miezi. Hakuna programu ya namna hii yenye vitufe vizuri kama vyangu. Hebu angalia tena: pembeni juu kuna jicho jekundu. Ukilishika kwa kipanya ukaliburuta juu ya dirisha lolote, ukingo wa dirisha hilo unamulika kijani, na jina lake la ndani linatokea chini. Mtoto hawezi kukosea.

Nikueleze na utamu wake, maana watu hawajui. Kila unachokiona kwenye kompyuta ni dirisha. Programu ni dirisha mama, na kila kitufe na kila kisanduku ndani yake ni dirisha mtoto. Lakini mengine yapo na huyaoni, yamefichwa. Sisi watunzi wakati wa kujaribu kazi yetu huwa tunajiwekea dirisha la pembeni, la maandishi matupu, tuone mambo yanavyokwenda. Siku ya kuuza tunaona uvivu kulibomoa, tunalificha tu kwa mstari mmoja. Mnunuzi hajui. Chungulia inayaona yote, na ukiiambia Onyesha, linatokea. Ukiiambia Ficha, linapotea.

Ukiitumia kwa muda mrefu bila namba ya kufungulia, litakuja dirisha la kukukumbusha uniandikie. Wewe umeshaandika, kwa hiyo namba utaipata, ila kwanza nataka unieleze imekufaa vipi. Na kama picha hazionekani vizuri, futa kioo cha kompyuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Vumbi la maofisini ni adui mkubwa.

Fundi wa Chungulia

*

Chumba cha Simu, Hospitali
29 Machi

Fundi,

Kioo kimefutwa. Hakijabadilisha kitu.

Sikuuliza kitufe kina rangi gani, niliuliza kinaitwaje. Jekundu halinisaidii, kijani hakinisaidii. Hizo picha zako hata zingekuwa nzuri kama ulivyosema, mimi kwangu ni sawa na ukuta. Programu inayojisifu kusema majina ya madirisha ya watu, yenyewe haina jina hata la kitufe kimoja. Kipe kila kitufe jina la maandishi na kibodi ifanye kazi. Ni hilo tu.

Opereta

*

Nyuma ya Studio ya Picha
11 Aprili

Ndugu Opereta,

Nimekuelewa vizuri sana. Kazi yangu ni ukuta.

Nimezoea watu wasioandika kabisa. Sikuzoea mtu wa kuandika ili anitukane. Mtu anayesema rangi hazimsaidii kitu ni mtu ambaye amekaa mbele ya kazi ya mwenzake na hakuiangalia hata kidogo. Shemeji yangu naye haipendi Chungulia, lakini angalau yeye aliitazama kwanza.

Namba ya kufungulia nitaituma siku utakapoiangalia vizuri.

Fundi wa Chungulia

*

Chumba cha Simu, Hospitali
20 Aprili

Mdogo wangu,

Jana Jirani alinisomea barua ya yule fundi. Alipofika pale "hakuiangalia hata kidogo" akanyamaza, nikamwambia soma, akasoma, tukaangaliana, yaani yeye akaniangalia mimi, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Dada wa mapokezi akadhani tumepata msiba. Kisha Jirani akarudi kwenye mafaili yake, na mimi nikabaki pale nikalia kweli kweli.

Nimechoka. Dada wa mapokezi sasa ameshazijua namba za wodi na hanihitaji kumtajia. Kazi nilimfundisha mwenyewe, kwa mdomo wangu. Simu zinalia, mimi nimekaa nimekunja mikono kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Juzi mtu wa chumba cha kufulia kapita kunisalimia, kaniambia kwao kuna upepo mzuri.

Dada yako

*

Shuleni
27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nitasema kama mdogo wako, halafu utanisamehe.

Kosa ni lako. Huyo baba wa watu anadhani anaandikiana na mtu mwenye macho na dharau. Ulitaka afanyeje? Wewe tangu tukiwa wadogo ukihisi mtu anakuja na huruma unamkimbia kabla hajafungua mdomo, na ukishamkimbia unalalamika hakukusaidia. Watu wa kalenda walikuwa wajinga, sawa. Huyu si wao. Huyu kagombana na wewe kwa sababu ya kazi yake, na mtu anayeipenda kazi yake hivyo ndiye unayemtaka.

Mwambie. Ukiona aibu mwambie kwa ukali, hilo unaliweza.

Mwanangu anakusalimia, ana meno mawili.

Mdogo wako

*

Chumba cha Simu, Hospitali
4 Mei

Fundi,

Sioni. Sijawahi kuona tangu nizaliwe, si giza wala mwanga, wala jekundu lako. Barua zako nasomewa na Jirani, mwenzangu wa chumba cha mafaili. Kompyuta naitumia kwa programu inayosoma maandishi kwa sauti, niliyopewa na chama chetu cha wasioona na ninayoiita Kasuku, na inapokutana na kitufe cha picha inasema tu "kitufe".

Sikukuambia kwa sababu wa mwisho niliyemwambia alinitumia dua na kalenda. Usinitumie dua, ninazo. Kalenda ninayo pia.

Nimekuwa opereta wa hospitali hii maisha yangu yote ya kazi. Wameleta programu ya simu ya picha tupu. Mwisho wa Juni nitajaribiwa, na nikishindwa napelekwa kukunja mashuka. Uliandika kwamba yapo madirisha yaliyofichwa yenye maandishi matupu. Tangu Jirani aliposoma maneno hayo sijalala vizuri. Kama ndani ya programu hii ya simu lipo dirisha la namna hiyo, Kasuku wangu anaweza kulisoma na mimi naweza kufanya kazi. Lakini silifikii bila Chungulia, na Chungulia siifikii kwa sababu ya picha zako.

Samahani kwa neno la ukuta. Lilikuwa kweli, lakini ningelisema kwa upole.

Opereta

*

Nyuma ya Studio ya Picha
30 Mei

Jirani wa chumba cha mafaili,

Salaam nyingi na ahsante kwa kunisoma siku zote hizi, pamoja na ujinga wangu. Barua ya mwenzako iko ndani ya disketi hii. Tafadhali iweke kwenye kompyuta yake, kisha uende zako. Usikasirike.

Fundi wa Chungulia

[Ndani ya disketi]

Dada Opereta,

Kama Kasuku wako anakusomea hii, basi hii ni barua yangu ya kwanza kukufikia bila kupitia mdomo wa mtu. Sijui kama wewe umewahi kupata barua ya namna hiyo. Mimi sikuwahi kuandika.

Barua yako ilinikuta mezani nikaisoma nimesimama. Nikakaa. Nikachukua skafu ya mke wangu, nikajifunga macho, nikajaribu kuitumia programu yangu mwenyewe. Nilimwaga chai, nikafunga kazi ya siku nzima bila kuihifadhi, na jicho jekundu sikuliona wala kulipata. Shemeji akachungulia mlangoni akamwita dada yake, akidhani nimerukwa na akili. Nilikuwa nimekasirika, dada, lakini si kwako. Nimetengeneza chombo cha kuyafanya madirisha ya watu yaseme majina yao, halafu chenyewe nimekifanya bubu kwa ajili ya urembo.

Picha nimezing'oa zote. Zile za miezi. Nisikudanganye, ziliniuma. Kila kitufe sasa kina jina la maandishi na herufi yake: O ni Onyesha, F ni Ficha, J ni Jina. Huhitaji kuburuta kitu: bonyeza M upate madirisha yote kwa mpangilio, mama na watoto wake, yaliyofichwa yakiwa na neno "limefichwa" mbele yake. Chama chenu kilinipa Kasuku wa kujaribia, nilikwenda kuwaomba mwenyewe, na ndio walioniambia kwamba opereta wangu ni dada. Nimeijaribu kwa skafu mpaka mke wangu akaidai.

Nimeituma bila kuchelewa kwa sababu ya Juni yako. Ikikushinda popote niandikie siku hiyo hiyo.

Sina dua. Nina hamu tu ya kujua ndani ya hiyo programu ya simu mna nini.

Fundi

*

Chumba cha Simu, Hospitali
15 Juni

Mdogo wangu,

Lipo.

Kila siku dada wa mapokezi anapokwenda kula ananiachia kiti, na ndio muda wangu wa mazoezi. Leo nimeiwasha Chungulia mpya, nikabonyeza M, Kasuku akaanza kunihesabia ukoo mzima wa ile programu ya simu. Kitufe, kitufe, picha, picha. Nilikuwa nimeshakata tamaa nusu. Halafu akasema: "Limefichwa. Majaribio." Nikabonyeza O. Akaanza kusoma, mdogo wangu, kama maji ya bomba: "Simu ya nje. Inaita. Simu ya ndani, maabara kwenda duka la dawa, wanaongea." Kila kinachopita kwenye swichibodi kinaandikwa mle, kwa maneno, papo hapo. Na chini yake kuna kisanduku cha kuandika namba. Ukiandika namba ya wodi na kubonyeza kitufe cha kukubali, simu inakwenda. Nimemuunganisha mtu na maabara, akaniambia ahsante mama, hakujua kitu.

Jirani nimemwambia. Fundi bado, nataka nimpe habari iliyokamilika. Katibu ndiyo kabisa sitamwambia mpaka siku yenyewe. Nikimwuliza sasa atawauliza watu wa kampuni, nao watasema hilo si la wateja, litafungwa kabla sijafungua mdomo. Bora waone kwanza.

Barua ya Fundi niliisoma peke yangu, mlango umefungwa. Jirani ananiuliza kila siku mle ndani kaandika nini. Nimemwambia ni mambo ya kitaalamu.

Dada yako

*

Chumba cha Simu, Hospitali
29 Juni

Fundi,

Nakuandikia ndani ya disketi na mimi, ili na wewe usisomewe na shemeji.

Jana ilikuwa ndiyo siku. Waliingia Katibu, mtu wa kampuni, dada wa mapokezi, na Jirani aliyesimama mlangoni na faili mkononi ili aonekane ana shughuli. Katibu alikuwa ameagiza kila wodi ipige simu pamoja na watu wa nje, yaani kimbunga. Mtu wa kampuni akaniuliza kwa adabu kama nahitaji kipanya. Nikamwambia nimekishusha chini ya meza, kilikuwa kinanichukulia nafasi.

Nikafungua lile dirisha lililofichwa. Ndiyo, lilikuwepo, Fundi. Linaitwa Majaribio, maandishi matupu kama ulivyosema, na lina kisanduku cha kuandikia namba. Hukunidanganya hata neno moja.

Wakaanza kupiga. Kasuku ananong'ona kwenye sikio la kushoto, simu iko sikio la kulia, vidole vyangu vinakwenda. Maabara, duka la dawa, wodi ya watoto, jikoni. Nilisahau kabisa kwamba natazamwa. Nilikuwa nyumbani kwangu, kila mtu nampeleka anakotaka, na anayelia namtuliza kwanza. Nilimsikia dada wa mapokezi akisema taratibu kwamba yeye hajawahi kuzimaliza kwa kasi ile.

Na hapo hapo Kasuku akanyamaza.

Fundi, kimya kile sitakisahau. Simu zinaita na mimi sina neno hata moja sikioni. Mtu wa kampuni akasema kuna dirisha limetokea mbele, lina mchoro wa mtu kashika kalamu, akasogea akitafuta kipanya. Nikajua. Lilikuwa ni lile dirisha lako la kukumbusha watu wakuandikie. Namba ya kufungulia hukunipa, ulisahau katika furaha yako, na mimi kwa raha yangu nikasahau kukudai. Na katika picha zote ulizozing'oa, hiyo moja umeiacha. Mazoezi yangu yalikuwa mafupi, halikuwahi kupata muda wa kutokea.

Nilikulaani, nakiri. Halafu nikamwambia yule bwana asiguse. Nilimwambia hivi hivi: "Usiguse. Hiki kiti ni changu." Nikawasha Chungulia ya pili juu ya ile ya kwanza, nikabonyeza M, Kasuku akapata sauti, akanihesabia madirisha ya Chungulia mwenyewe mpaka akafika kwenye moja lisilo na jina. Nikabonyeza F. Likapotea. Nimekuficha wewe na kalamu yako kwa chombo chako mwenyewe, mbele ya wakubwa.

"Simu ya nje. Inaita," Kasuku akasema, na mimi nikapokea. Alikuwa mtu wa kweli, si wa majaribio, kapiga katikati ya zogo lile: mwanawe kameza sarafu. Nikamtuliza, nikamwuliza kama mtoto analia, akasema analia sana, nikamwambia basi anapumua, mlete, na sasa nakuunganisha na daktari. Nikampeleka wodi ya dharura kabla hajamaliza kunishukuru. Mtoto mzima, nimeulizia.

Simu zikaisha. Mtu wa kampuni akasogea, akaomba nimfungulie tena lile dirisha. Akakaa nalo muda mrefu. Nilikuwa najiandaa kwa vita, Fundi, nilikuwa na maneno yamejaa kinywani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba dirisha lile aliliweka yeye mwenyewe, wakati akiitunga programu, na siku ya kuuza akaliona baya, limejaa maandishi, akalificha. Akaniuliza kama akilitoa mafichoni kabisa, likawa kwenye menyu kwa mtu yeyote, kuna kitu ningetaka arekebishe. Nikamtajia mambo, akawa anaandika, nilikuwa nasikia kalamu.

Katibu hakuzungumza kuhusu mashuka. Alisema: "Jamani, tutokeni. Mwacheni opereta afanye kazi." Wakatoka. Jirani akaangusha faili lake lote sakafuni, akaja akanikumbatia na karatasi zimetapakaa mpaka ukumbini.

Nimebaki, Fundi. Leo asubuhi nimekuja kazini nikakaa kwenye kiti changu na dada wa mapokezi karudi kwake mapokezi, kaniletea chai mwenyewe. Uliuliza tangu barua ya kwanza nikueleze programu yako imenifaa vipi. Imenifaa hivyo.

Opereta

*

Nyuma ya Studio ya Picha
10 Julai

Dada Opereta,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya mke wangu na shemeji, yote, isipokuwa pale uliponilaani. Shemeji akaniomba nimwonyeshe Chungulia. Akaitazama mpaka wateja wa paspoti wakaanza kugonga meza kule mbele. Bado anasema ilikuwa nzuri zaidi ilipokuwa na lile jicho.

Ile kalamu sikuiona kabisa. Kwenye kompyuta yangu Chungulia imefunguliwa tangu siku ya kwanza, kwa hiyo dirisha la kukumbusha halijawahi kunitokea mimi. Nililisahau kama mtu anavyosahau kovu la kisogoni. Sasa lina maandishi, na namba yako ya kufungulia iko peke yake kwenye faili jingine ndani ya disketi hii. Nimepata pia barua nyingine wiki hii, kutoka kwa opereta wa kiwanda asiyeona. Anasema yule mtu wa kampuni ndiye aliyempa anuani yangu.

Sasa nikuambie jambo. Jumanne nilipiga simu hospitalini kwenu. Sikutaka kukusumbua, nilitaka kusikia tu. Nilikaa na simu ya studio mkononi muda mrefu, mke wangu akiniambia piga basi. Nikapiga. Haikuita hata mara mbili, ukapokea. Ukasema jina la hospitali na ukaniuliza unisaidie nini.

Mimi sikuwa nimejiandaa kusema kitu. Nilidhani nitasikiliza halafu nikate. Lakini sauti yako ilikuwa inangoja, kwa utulivu, na nyuma yake nilisikia vidole vyako kwenye kibodi, na kwa mbali kabisa Kasuku ananong'ona. Nikababaika. Neno la kwanza lililonijia ni mochwari. Nikasema naomba mochwari.

Kisha ukasema, "Pole sana, baba. Usikate simu, nipo na wewe mpaka wapokee." Na kweli ulikuwepo. Ulibaki kwenye laini, uliniambia nipumue, na ulipomsikia mtu wa kule kapokea ndipo ukaondoka. Dada, mimi sikuwa nimefiwa na mtu, na nililia machozi kama mtoto, nimeshika simu ya shemeji.

Yule mzee wa mochwari akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia niliyemtafuta nimeshampata, ni mzima, yuko kazini kwake.

Fundi